Sehemu ya Nane

Alhamisi, saa mbili usiku, Gdynia.
Bomba la joto linakohoa ukutani.
Bogna kaja na supu ya bitiruti ndani ya chupa ya chai,
theluji mabegani, hodi hakupiga,
maana ufunguo anao bado.
Tumekaa kwenye kochi la mama,
yeye huku, mimi kule,
na katikati lile bonde
mama alilolichimba kwa kuugua miaka tisa.

Muziki wa kuanzia. Kreni za bandari. Majina ya waigizaji.

Inspekta Roch, mwaujua mwendo wake:
koti la kijivu, kahawa chungu,
mlungula haupokei hata wa njiti ya kiberiti.
Na Zenon mdogo wake, mwizi wa magari,
anayeyavusha usiku, namba mpya zingali na rangi mbichi,
kisha Jumapili anawagawia makaa ya mawe
wajane wa kiwanda cha meli, gunia kwa gunia,
na wajane humwombea.
Sasa nani mwovu hapo? Mtunzi wa kipindi hasemi.
Mjanja yule: katupa mfupa, kaenda zake.

Sehemu ya tatu tulipewa habari ya viatu vya barafu.
Baba yao alinunua jozi moja tu,
saizi ya Roch,
akampa Zenon, avae na soksi tatu.
Roch akasimama ukingoni mwa ziwa
akiwashikia wenzake makoti.

Leo mlinzi kauawa lango la nne.
Zenon alikuwapo. Hakufyatua.
Kanda ya kamera inaonyesha mkono wa mtu mwingine, waziwazi,
wenye pete,
na kanda anayo Roch, peke yake, ofisini, taa moja.
Anaitazama mara mbili.
Anaitia mfukoni.

"Vizuri," asema Bogna. "Mangapi kayafanya asishikwe?"
"Hili hakulifanya."
"Sheria ni sheria."
"Hiyo si sheria, Bogna. Hivyo ni viatu vya barafu."
Akanigeukia. Kijiko kikabaki hewani.
"Mpate kipenzi, lazima umtetee."
"Kipenzi alikuwa nani? Aliyekuwa Oslo akituma kadi
au aliyekuwa hapa akibadilisha mashuka?"
"Aliyekuwa hapa ndiye aliyebaki na nyumba."

Basi. Televisheni ikaendelea bila sisi,
watu wakapigwa risasi bila mtazamaji,
nasi kila mmoja akijihesabu
yule wa ukingoni, mwenye makoti.

Nikainuka kuosha bakuli.
Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.
Dirishani theluji imefika kwenye vioo vya magari.
Wa kulima hayuko; ni beleshi labda,
na njia ya kumfikisha mtu barabarani.

Kabatini, nyuma ya chumvi, lipo kopo la unga.
Ndani ya unga, mkufu wa kaharabu.
Usiku ule wa mwisho mama alisema, kwa sauti kavu, "Bogna."
Sikujua anamwita au anamwachia.
Nilijua. Mkono ulikuwa shingoni, juu ya mkufu.
Nikamwambia Bogna mama tumemzika nao.
Alilia. Alinishukuru kwa kumvalisha.

Nikazamisha vidole. Bado upo.

"Njoo!" aita. "Matangazo yamekwisha!
Njoo uone, anaitoa mfukoni!"
Nikarudi nikijipangusa.
Roch kasimama darajani, kanda mkononi, chini maji meusi,
na uso wa yule muigizaji, Mungu kamjalia,
hauonyeshi kitu.
Picha ikaganda hapo hapo. Majina yakapanda.

"Atairudisha," asema Bogna, akivaa kofia.
"Wajuaje?"
"Ni ndugu yake."
Mlangoni akanipangusa shavu kwa kidole gumba,
akakitazama kidole kwenye mwanga wa korido.
"Unga," akasema. "Umepika nini?"